Kodi ya mwaka mzima, umeme wa njia moja: uchambuzi wa kisa cha mashine ya kusaga

Kisa hiki ni cha mama mmoja aliyejiandaa kufungua mashine ya kusaga na kukoboa mahindi katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Nitamwita Mama T. Majina ya mji, mtaa, mafundi na mwenye nyumba nimeyaacha, na baadhi ya tarakimu nimezizungusha ili asitambulike. Amesomewa andiko hili lote na ameridhia litoke.

Nimekichagua kwa sababu wengi wanaonijia wakitaka kufungua biashara huanza na swali moja: mtaji wa kiasi gani unatosha? Mtaji wa Mama T. ulitosha. Kilichomkwamisha ni mpangilio wa kuutoa, yaani kipi kililipwa kwanza na kipi kilisubiri.

Alikotokea

Mama T. alikuwa na miaka 38 na alikuwa ameuza nafaka sokoni kwa zaidi ya miaka tisa, mahindi na maharage kwa debe na kwa kisado. Mahindi aliyajua vizuri. Akitia mkono kwenye gunia aliweza kusema kama yamekauka au yatavunda, na wateja wake walimwamini kwa hilo. Mara nyingi mteja akishanunua alimuuliza, "Mama T., nisagishe wapi?" naye akamwelekeza kwenye mashine za watu wengine. Wazo la biashara lilizaliwa hapo, na lilikuwa wazo zuri.

Fedha alizokuwa nazo ni shilingi milioni 12. Nusu ilitokana na mgao wa kikundi cha akiba walichovunja mwezi Desemba, na iliyobaki ilikuwa akiba yake na ya mumewe. Bajeti aliiandika kwenye daftari la hesabu la mwanawe, lile la mraba, na kila tarakimu alikuwa ameipa mraba wake:

- mashine mbili (ya kusaga na ya kukoboa) pamoja na mota za mtumba: 7,200,000
- kodi ya fremu (chumba cha biashara), 150,000 kwa miezi 12: 1,800,000
- kuunganisha umeme ndani: 600,000
- msingi wa zege na kufunga mashine: 500,000
- leseni na vibali: 400,000
- ufunguzi na matangazo: 300,000

Jumla 10,800,000, na 1,200,000 ya akiba. Nimeona bajeti nyingi za wanaoanza, na hii ni miongoni mwa zilizo safi. Ukiitazama tena utaona kwamba inaeleza vitu na bei zake, lakini haisemi lolote kuhusu kipi kinategemea kipi.

Mambo yalivyokwenda

Mwishoni mwa Februari dalali alimwonyesha fremu ya kona, kando ya barabara inayotoka vijijini kuingia sokoni. Mahali pazuri kabisa. Kila mwenye gunia kwenye baiskeli au bodaboda angepita mlangoni. Dalali alimwambia maneno ambayo kila dalali huyasema: "Mama, ukilala hapa kesho hupati." Tarehe 1 Machi Mama T. alilipa kodi ya mwaka mzima, milioni 1.8, na juu yake 150,000 ya dalali, ambayo haikuwamo kwenye daftari. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Alipewa karatasi moja yenye maneno "nimepokea" na sahihi.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa fundi wa kuchomelea anayetengeneza mashine, akatoa nusu ya fedha. Fundi yule, na hili nalisema kwa haki yake, alimwambia: "Mama, hizi mota ni za njia tatu." Mama T. aliitikia. Kwake yeye "njia tatu" ilikuwa habari ya fundi umeme, na fundi umeme angekuja baadaye. Mwanzoni mwa Aprili mashine zilikamilika, akamaliza nusu iliyobaki. Wakati huohuo fundi ujenzi alikuwa ameshamwaga zege ndani ya fremu, misingi miwili imara yenye boliti nne nne zilizochomoza juu kungoja mashine.

Katikati ya Aprili fundi umeme alifika, akachukua malipo ya awali ya 200,000, akafungua kiboksi cha LUKU, akakifunga. Kisha alitoka nje akasimama chini ya nguzo na kutazama juu. Mama T. ananisimulia kwamba hakuelewa alikuwa anatazama nini.

"Mama, hesabu nyaya."

Zilikuwa mbili.

Laini ya mtaani ya njia tatu huwa na nyaya nne: tatu za moto na moja ya nyutro. Mtaa wenye nyaya mbili tu una umeme wa njia moja, unaotosha taa, friji, pasi na saluni. (Kwenye mitaa iliyofungwa kebo ya kusokotwa huwezi kuhesabu kwa macho namna hii, hapo umwulize fundi au ofisi ya umeme.) Mota ya nguvu farasi 20 ni kama kilowati 15. Ukitaka kuiendesha kwa njia moja ya volti 230 utahitaji zaidi ya ampea 65, na hapo hujagusa umeme wa ghafla wa kuwasha mota, ambao huwa mara kadhaa ya huo. Isitoshe, mota ya njia tatu ikipewa njia moja peke yake hunguruma tu bila kuzunguka, na ukiiachia hivyo inaungua.

Laini ya njia tatu ilipita barabara ya nyuma, nguzo kadhaa kutoka pale. Kuivuta kuliwezekana, lakini maombi yalihitaji ridhaa ya mwenye nyumba, naye aliishi mkoa mwingine. Karatasi zilichukua wiki tano. Makadirio yalipotoka yalikuwa milioni 2.1.

Mwezi Juni, mahindi mapya yakiwa yameanza kuingia mjini, Mama T. alikuwa ameshatumia milioni 9.85. Mkononi alibaki na milioni 2.15. Akilipa ile milioni 2.1 angebaki na elfu hamsini, mashine mbili, na mlango uliofungwa. Hapo ndipo alipokuja kuniona.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha kwanza tulikaa kwa muda wa saa tatu nyumbani kwake, daftari likiwa katikati ya meza. Njia zilikuwa nne.

Ya kwanza ni kulipa na kusubiri nguzo. Mumewe aliipenda, na nilimwelewa. "Shemeji," aliniambia, "tumeshazika milioni mbili pale, tutaachaje?" Lakini hela ya kodi na ya zege ilikuwa imekwenda, na isingerudi hata wangevuta laini. Swali lililobaki lilikuwa moja: hii 2.15 inayobaki ifanye kazi gani? Pia nguzo zingekuwa kwenye eneo la mtu, na mwenye nyumba hakuwa ameahidi kwa maandishi kwamba hatapandisha kodi mwaka unaofuata.

Ya pili ilikuwa injini ya dizeli. Tuliipigia hesabu tukaiacha. Bei ya injini yenyewe ilipita fedha zilizopo, na wenye mashine za umeme wa mtaa wa pili wangemshinda kwa bei kila siku.

Ya tatu ilikuwa kukopa. Kikundi chake kingeweza kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo wanawake wana fungu la asilimia 4, na hauna riba. Mama T. mwenyewe ndiye aliyeukataa: "Marejesho yataanza kabla mashine haijazunguka. Nitawalipa nini wenzangu?" Nadhani huo ndio uamuzi bora zaidi katika kisa chote. Mkopo usio na riba nao una tarehe.

Ya nne ni kuhama. Ile fremu angeitafutia kazi nyingine, na mashine angezipeleka mahali ambapo umeme wake upo tayari. Tuliichagua hii.

Kabla ya kutafuta mahali nilimwomba kitu kimoja ambacho kilipaswa kufanyika Januari. Kwa siku tatu yeye na binti yake walikaa karibu na mashine mbili zilizokuwa zikifanya kazi, wakahesabu watu. Jumanne walihesabu wateja 19 kwenye mashine moja, Jumamosi 61 kwenye ileile. Wengi walikuja kuanzia saa kumi jioni, wakitoka shambani, na zaidi ya nusu walitaka kukoboa kwanza, yaani sembe. Jambo la tatu hakuna bajeti ingeliliona: wateja hawakupita mashine kwa kuwa iko njiani. Walikwenda mahali wanapomwamini msagaji na ambapo foleni inasogea. Mtu mwenye debe kichwani alikuwa tayari kutembea mita mia tano zaidi. Ile kona aliyoilipia kwa bei ya kona haikuwa na thamani hiyo kwa biashara ya kusaga. Kwa duka la unga, ndiyo.

Mwezi Julai alipata banda lililokuwa karakana ya seremala aliyefunga kazi, mita kama 700 kutoka barabarani. Mita ya njia tatu ilikuwa ukutani na inafanya kazi. Safari hii hakulipa siku hiyo. Alimleta fundi umeme akapima, akawauliza majirani kuhusu kelele na vumbi, akapita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha akaandikisha mkataba wa miezi mitatu mitatu, 120,000 kwa mwezi, wenye kipengele kwamba mita ya njia tatu ni sehemu ya pango.

Kodi ya miezi mitatu 360,000. Kuhamisha na kumwaga msingi mpya 350,000. Nyaya pamoja na stata ya kuwashia mota kwa hatua 480,000. Leseni, vibali na uniti za kuanzia 300,000. Jumla 1,490,000. Alibakiwa na 660,000, ambazo 400,000 kati yake zilikuwa zimeshageuka unga kwenye ile fremu ya kona, aliyoifungua katikati ya Julai kama duka la unga na mahali pa kupokelea mahindi ya kusagishwa.

Leseni ina jambo lake. Tangu Machi watu walimlaumu kwa kuchelewa kuiomba. Kama angeiomba mapema ingetoka kwa anwani ya fremu ya kona na ingebidi ashughulikie mabadiliko. Hakuchelewa kwa hekima, alichelewa kwa kuwa mkataba wa pango, unaotakiwa kwenye maombi, hakuwa nao. Namba ya mlipakodi aliipata bure, kama ilivyo kwa kila mtu. Afisa afya alitaka sakafu isiyo na nyufa, dari safi, choo, na cheti cha kupima afya kwa anayegusa chakula. Alivipata vyote ndani ya wiki mbili. Kufunga unga kwenye mifuko yenye jina lake alikuahirisha: hapo kuna habari ya nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na wajasiriamali wadogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. Nilikubaliana naye kwamba hilo lingoje mwaka wa pili.

Matokeo

Mashine ilianza kuzunguka katikati ya Septemba, badala ya Mei aliyoipanga. Msimu wa mavuno ulikuwa umeshampita, ingawa si wote, kwa sababu watu wa kule huhifadhi mahindi ndani na kusaga kidogo kidogo mwaka mzima.

Bei ilikuwa shilingi 1,200 kusaga debe la dona na 2,500 kukoboa na kusaga. Uniti ya umeme ilimgharimu kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Mota ikizunguka saa nzima na kazi kamili hula uniti kama 16, na mashine yake ilitoa kama madebe 15 kwa saa hiyo. Kwa hiyo debe la dona lilikula kama shilingi 380 za umeme na kuacha 820. Gharama zisizokwepeka, yaani pango la fremu na la banda, mshahara wa msagaji, mikanda, nyundo na chekeche, zilikuwa 530,000 kwa mwezi. Ukigawa unapata karibu madebe 25 kwa siku kwa siku 26, kama yote yangekuwa dona. Mwezi wa kwanza alisaga wastani wa 17, wa pili 23, wa tatu 28. Sembe ndiyo iliyomfikisha salama mapema kuliko hesabu hiyo, kwa sababu huacha zaidi.

Jambo moja aliloligundua mwenyewe ni hili: mota ikiwashwa kwa ajili ya debe moja, hula umeme wa kuwaka na wa kuzunguka tupu kwa kipato cha 1,200. Akamwelekeza msagaji asubiri yafike madebe matatu, akaweka benchi na ndoo ya maji ya kunywa ili wanaosubiri wasikasirike. Benchi lile lilimgharimu 25,000.

Hasara inayohesabika ni hii: dalali 150,000, msingi wa kwanza 500,000, malipo ya awali ya fundi umeme 200,000 ambayo hayakurudi, na kodi ya fremu iliyofungwa miezi minne na nusu, 675,000. Jumla 1,525,000. Zaidi kidogo ya gharama yote ya kuhamia bandani.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kosa kubwa lilitokea siku moja tu, tarehe 1 Machi. Alipolipa kodi ya mwaka, saa ilianza kukimbia: kila siku mlango ukiwa umefungwa ilimla kama shilingi elfu tano. Mtu anayekimbizwa na saa hiyo hamwiti fundi kupima, anamwaga zege. Ukimwangalia Mama T. kuanzia Machi hadi Aprili, hakuna hatua aliyoichukua kizembe. Kila moja ilikuwa ya haraka kwa sababu ile ya kwanza ilimlazimisha.

Utaratibu uliompasa, na ambao sasa nawaambia wote wanaokuja na wazo la mashine, ni kuanza na vitu visivyogharimu kitu: kuhesabu wateja na kuhesabu nyaya. Kisha fundi umeme aende kwenye eneo pamoja na karatasi ya nguvu ya mota, hata kama utamlipa 20,000 ya nauli na muda wake. Kisha mkataba wa maandishi, na kodi ya miezi michache kadiri mwenye nyumba atakavyokubali. Malipo ya awali ya mashine yafuate hapo. Zege lije mwisho kabisa, mashine ikiwa imeshapimwa miguu. Zege haliuziki.

La pili, kila mtu aliyeulizwa alijibu kuhusu kipande chake. Dalali alijua fremu, fundi wa mashine alijua mota, fundi ujenzi alijua msingi. Wote watatu hawakudanganya, na wote watatu hawakuwahi kukutana. Mwenye biashara ndiye peke yake anayeshika vipande vyote, na Mama T. hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kazi ya kuviunganisha ni yake. Angeweza kumwuliza fundi wa mashine swali moja tu: "Nipeleke mashine hii mahali penye nini?"

Kwa upande wa mafanikio, kitu cha kwanza ni kusimama. Kulipa milioni 2.1 kulikuwa rahisi kuliko kutolipa, kwa kuwa kulipa kungeonekana kama kuendelea. Na alisimama akiwa bado na fedha za kuchagua. Mwezi mmoja baadaye asingekuwa nazo.

Jambo langu mwenyewe lililoshindikana ni ile fremu kupokea mahindi. Mimi ndiye niliyependekeza: mteja aache gunia barabarani, liandikwe jina, guta lilipeleke bandani, arudi jioni achukue unga. Kwa hesabu lilikuwa zuri. Akina mama walilikataa wiki ya kwanza tu. Mmoja alimwambia Mama T., "Dada, mimi nataka nione yanaingia na nione yanatoka." Mahindi ya mtu yana historia yake: ya shamba gani, yamekauka vipi, yametiwa dawa gani au hayakutiwa. Kuchanganyiwa ni dhuluma kwao hata kama uzito uko sawa, na pumba wanataka zao warudi nazo kwa kuku. Nilipaswa kulijua hilo, kwani nilikuwa nimeona kina mama wale wale wakisimama mbele ya kinu na ndoo zao. Mpango huo uliwafaa mama lishe wachache na shule moja ya bweni ambao walitaka unga tu, popote yalikotoka mahindi. Nao walitosha kulipa kodi ya fremu kuanzia Novemba.

Kazi ya sokoni ndiyo iliyomjengea wateja. Kati ya wateja wa siku za mwanzo, wengi walikuwa watu waliokuwa wakinunua mahindi kwake. Sikuipa uzito unaostahili nilipokaa naye mara ya kwanza. Nilishughulika na nguzo na tarakimu.

Februari biashara ilishuka, kama inavyoshuka kwa wote kule maghala ya nyumbani yanapokwisha. Alikuwa ameweka pembeni fedha za mwezi mmoja na nusu, zikatosha.

Machi pango la fremu ya kona lilikwisha, naye hakuliongeza. Mwenye nyumba alikuja kukagua, akaona misingi miwili katikati ya sakafu na boliti zake nane zimeota kutu, akataka iondolewe ndipo apokee ufunguo. Mama T. alimwita kijana mwenye nyundo kubwa na tindo. Ilimchukua siku mbili na shilingi 40,000. Mpangaji aliyefuata alifungua saluni, na umeme wa njia moja unamtosha.